Dumu la lita 20 ndo limenirudisha jimu

Ilikuwa Jumapili, maji yamekatika siku ya nne, na kama unaishi Dar unajua siku ya nne ndo ile ambayo hata tenki la jirani mwenye roho nzuri limeshakauka na watu wameanza kusalimiana kwa kifupi. Mi nakaa Sinza, ghorofa ya tatu, lifti hamna, ngazi nyembamba mpaka ukikutana na mtu mwenye kapu mmoja wenu lazima arudi nyuma. Boza likaja kama saa nne asubuhi, tukapanga foleni, nikajaza madumu mawili ya lita 20, na yule kijana anayetupandishiaga maji siku hiyo simu haipatikani. Nikasema aah, si dumu tu jamani, napandisha moja moja.

Sasa hesabu ya maji ni nyepesi, lita moja ni kilo moja, kwa hiyo pale nimeshika kilo 20 na plastiki yake. Kwenye korido ya kwanza nikaliweka chini nikajifanya narekebisha mtandio. Ya pili nikaliweka tena, safari hii sikujifanya kitu, nilikaa juu yake kabisa, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, vidole vya mkono wa kulia vimekunjika vimegoma kukunjuka. Ndo akapita mtoto wa nyumba ya juu, yuko fomu tuu sijui fomu thrii, "shikamoo mama, nikusaidie?", nikaitikia marahaba bila hata kujua nimeitikia, akalibeba kwa mkono mmoja huku mwingine anachati.

Shikamoo haikuniuma. Nina miaka 37, nina mtoto, nimeshazoea. Kilichoniuma ni kwamba kuna kipindi mimi huyuhuyu nilikuwa nainua madumu manne ya vile kwa mpigo, toka chini, mgongo umenyooka, halafu nayarudisha polepole bila kelele, na ushahidi ninao kwenye daftari.

Daftari lenyewe ni kaunta buku la kawaida, nililinunua 2018 nilipoanza mazoezi, kila siku naandika nimebeba nini, kilo ngapi, mara ngapi. Jioni ile nikalitafuta, nikalikuta chini ya begi la nguo za mtoto alipokuwa mchanga. Ukurasa wa mwisho umeandikwa: "Jmosi 14/3/2020. Dedi 80 x 3. Skwati 60 x 5 (ya mwisho nimeiba). Mgongo freshi. Jtatu kifua." (Dedi ndo ile ya kuinua chuma toka chini, skwati ni kuchuchumaa nacho mabegani ukasimama, namba ya kwanza kilo, ya pili mara ngapi.) Hiyo Jumatatu ya kifua ndo ilikuwa tarehe 16, siku alipotangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona hapa nchini, kesho yake shule zikatangazwa kufungwa, na mi nikajiambia ngoja nipumzike wiki mbili tuone inaendaje.

Wiki mbili zangu zimechukua miaka mitano kasoro mwezi.

Wala sitaki kuisingizia korona. Korona ilinipa sababu ya miezi miwili mitatu, iliyobaki nilijitafutia mwenyewe kwa bidii. Mara jimu yangu ya zamani ikafungwa na hela ya mwaka mzima nilishalipa Januari (jina silitaji, ila pale saivi wanauza vigae na mi nikipita nageuza shingo), mara mimba, mwanangu akazaliwa Juni 2021, mara mama anaumwa nashinda hospitali, mara kazi mpya ya kukaa kwenye kiti kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja. Na kuna kitu kingine ambacho hapa kwetu hakisaidii kabisa. Ukinenepa unasifiwa! Nimeongezeka kilo 17 na sijawahi kusikia hata mtu mmoja kwenye ukoo akishtuka. Kwenye harusi ya binamu yangu mama mkubwa alinishika mkono hapa juu, akaminya kama anachagua papai, akasema mashallah, umenawiri mwanangu, ndoa imekukubali. Ungekuwa wewe ungebisha? Nilichukua sahani nikarudi kwenye pilau.

Kwa hiyo Jumatatu moja ya mwezi wa pili mwaka 2025 nikaenda jimu. Ni ya mtaani, iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, elfu tano kwa siku au elfu hamsini kwa mwezi, kioo kimoja kirefu kimepasuka kona na ufa umezibwa na stika ya Yanga, feni ipo moja inageukia upande anaokaa kocha tu. Singeli inapigwa kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikishaswali naenda zangu, natoka saa moja kasoro niwahi daladala. Nilichagua muda huo makusudi nikijua watakuwepo watu wachache wa kunishuhudia. Na watu wa Januari walishaanza kupukutika, wale wanaolipia mwezi tarehe mbili na tarehe ishirini huwaoni tena, nawasema ila mi mwenyewe nilishakuwa mtu wa Januari 2022 na 2023, nilinunua raba mbili na sikwenda hata siku moja.

Siku ya kwanza hiyo nakusimulia vizuri maana ndo sababu ya kuandika hapa.

Kocha alikuwepo lakini yupo kwenye simu, akaniuliza dada ushawahi kufanya mazoezi, nikamwambia nishawahi, sana tu, akasema poa endelea. Sasa pembeni kulikuwa na binti wa kama miaka 22 amesimamisha simu yake kwenye chupa ya maji anajirekodi anapiga skwati na pleti ndogo ndogo, yale masahani ya uzito ya kuchomeka kwenye chuma, na shetani wangu akaamka hapohapo. Kwenye daftari si imeandikwa 60? Nikajiona mtu wa busara kweli kwa kuweka 40. Nikapiga seti tano, kumi kumi. Skwati hamsini, kilo 40, mtu ambaye zoezi lake kubwa kwa miaka mitano lilikuwa kuinama kuokota midoli. Na unajua jambo baya? Ilikwenda vizuri! Mwili ulikumbuka kila kitu, miguu upana gani, pumzi unaivuta lini, kiwiko kikae wapi, yule binti mpaka akasimamisha simu akaniuliza dada unafanyaje mgongo usipinde. Nikamwelekeza, nikatoka pale nimevimba kama jogoo, nikapanda daladala nikasimama mpaka Posta na siti zipo.

Jumanne nikaamka na maumivu kidogo, yale matamu ya kujisikia umefanya kitu. Jumatano nikaamka sina miguu.

Yaani sijui nisemeje. Mapaja yamekuwa mbao. Kupanda ngazi unaweza ukijivuta kwenye bomba, ila kushuka, mama yangu, nilishuka ghorofa tatu kinyumenyume nimeshika ukuta, mlinzi ananiangalia hajui aseme pole au acheke. Choo cha ofisini kwetu ni cha kuchuchumaa. Sitaeleza zaidi, jua tu kwamba kuna misumari miwili mlangoni ya kutundikia pochi na mmoja umelegea kwa sababu yangu. Adhuhuri nikasimama kuswali, rukuu nikaiweza, nikashuka sijida, kunyanyuka ikashindikana, nikabaki pale chini nimetulia, mdada wa mapokezi akadhani nina dua ndefu. Swala zilizobaki siku hiyo na kesho yake nimeswalia kwenye kiti kama bibi, na bibi yangu mwenyewe ana miaka 81 bado anaswali chini.

Watu wengi wanasema hayo maumivu ni asidi imekaa kwenye misuli, hata kocha aliniambia hivyo. Hapana. Hiyo asidi ya laktiki mwili unaiondoa ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya mazoezi, haiwezi kukusubiri mpaka Jumatano. Yale ni michubuko midogo midogo kwenye nyuzi za misuli na mwili unakuwa unapeleka askari wake kutengeneza, ndo maana yanachelewa, yanapanda siku ya pili mpaka ya tatu halafu yanashuka. Na kinachochubua zaidi wala si kunyanyua, ni kushusha. Ule muda unaposhuka na uzito na msuli unavutika huku umejikaza, pale ndo shughuli, na ndo maana ngazi za kushuka zinatesa kuliko za kupanda.

Halafu kuna kitu ambacho natamani mtu angeniambia kabla. Ukitoka kwenye likizo ndefu ukajipiga kwa fujo, msuli unaweza kuvunjika kupita kiasi, vitu vyake vya ndani vikamwagika kwenye damu na vikaenda kuziba figo. Dalili kubwa ni mkojo kuwa wa kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea au kama kola, pamoja na misuli kuvimba na kukosa nguvu kabisa. Hiyo hukai nyumbani ukajichua na mafuta, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Mi nilikuwa nachungulia chooni siku mbili nzima kama mganga, ukawa wa kawaida, alhamdulillah. Lakini na sisi wa aina yangu tumo hatarini kabisa, tuliowahi kuwa na nguvu, sababu anayeanza upya kabisa anaogopa chuma, sisi hatuogopi. Kichwa kinakumbuka 60, mapaja hayana habari.

Baada ya hapo nikakaa siku kumi sijaenda. Aibu pia ilikuwemo. Shemeji yangu akanishauri niachane na vyuma nijiunge na joging ya mtaa wao, zile za Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, fulana zinafanana, mbele kuna mtu anaanzisha wimbo wengine mnaitikia. Nazipenda kweli, na ukienda Daraja la Tanzanite alfajiri utakuta vikundi kibao, watu wanakimbia na upepo wa bahari. Ila mi kukimbia nachukia toka mchakamchaka wa shule ya msingi, na halafu Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2020 lilisema mtu mzima anahitaji dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki NA mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Hiyo "na" watu wanairukaga. Hakuna mtu aliyewahi kupandisha dumu kwa pumzi peke yake.

Nikarudi. Safari hii kocha mwenyewe alinifuata, kumbe yule binti wa simu alimsimulia kwamba kuna dada alipiga 40 mara hamsini akapotea. Akanivua pleti zote. Akasema dada, wiki mbili chuma kitupu. Nikamwambia chuma kitupu ni cha watoto, akasema sawa, basi we mtoto, seti mbili, nane nane, ukitamani kuendelea ndo unaacha. Hiyo sentensi ilinikera sana na nimekuja kuitumia mpaka kwenye chakula.

Kuhusu chuma chenyewe, kwenye mashindano ya kunyanyua uzito kama ya Olimpiki chuma cha wanaume ni kilo 20 na cha wanawake 15, ila cha mtaani kwetu kimechomelewa na fundi, hakuna anayejua. Nikapanda nacho kwenye mzani wa kujipimia, nikatoa uzito wangu, ikaja 13. Pleti nazo zingine ni za kiwandani zingine ni za zege, zimemiminwa kwenye makopo ya rangi, imeandikwa 10 kwa maka na ukiipima ni 11 na nusu. Sasa unaelewa kwa nini nacheka mtu akiniambia anabeba 92 na nusu kamili.

Na daftari nikaligeuza. Sikutaka kuandika chini ya ile 14/3/2020, ningeona aibu kila nikifungua, kwa hiyo nimeanzia nyuma kama tulivyokuwa tunafanya shuleni, mbele hesabu nyuma barua. "Skwati chuma kitupu 8, 8. Nilitamani kuendelea. Nimeacha."

Maumivu ya mara ya pili hayakufika hata robo. Hiyo pia ni kawaida, msuli ukishachubuliwa mara moja unajipanga, zoezi lilelile linakuumiza kidogo kuliko mwanzo, hata kama umepita mwezi. Kwa hiyo kama umerudi jimu ukaumia ukasema mwili wangu umekataa, subiri kwanza upige ya pili.

Sasa hili la kinamama, wanaume mnaweza kuruka aya au mkae mjifunze. Wiki ya tatu kocha akanipa kamba niruke. Nimeruka kama mara sita nikasimama ghafla, nikasema nimekumbuka simu, nikakimbilia chooni. Mkojo umetoka. Kidogo, lakini umetoka. Nilikaa chooni pale naangalia ukuta nikasema basi, hii ndo mwisho, mtu gani anajikojolea jimu. Kumbe nikaja kumuuliza dada mmoja pale akanambia mbona hata mi, na mwingine akasema mi nikipiga chafya tu, yaani tupo kibao na kila mtu anajiona peke yake! Nikaenda kwa mtu wa fiziotherapia, akanieleza misuli ya chini ya nyonga inavyolegea kwa mimba na kuzaa, akanipa mazoezi ya kubana, unabana kama unazuia mkojo, unashikilia, unaachia, asubuhi na jioni, kwa miezi siyo siku, na kamba nikaambiwa niiache kwanza. Haya mazoezi wenzetu wanayaita Kegel, kwa jina la daktari wa Kimarekani, Arnold Kegel, aliyeyaandikia 1948. Nikamsimulia shangazi yangu wa Tanga kwamba nimelipia hela kufundishwa kubana, alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena, akasema kwa hiyo umewalipa wazungu mambo ambayo somo wako alikufundisha bure ukawa unasinzia? Sikuwa na jibu.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu ikaingia Ramadhani na nikajua safari imeisha. Kocha akasema haijaisha, tupunguze tu. Nikawa naenda mara mbili kwa wiki baada ya tarawehe, saa nne usiku, tumbo lina uji na kachori mbili, nafanya nusu ya seti lakini uzito siushushi. Kwenye daftari ukurasa mzima wa Ramadhani namba zimesimama palepale, na hapo ndo nikaamini kitu ambacho zamani nilikuwa napinga, kwamba kutunza nguvu ni rahisi kuliko kuijenga, mazoezi kidogo yanatosha kuishikilia isikimbie. Zamani nikikosa wiki nilikuwa naona bora niache mwezi mzima nianze vizuri. Miaka mitano yangu ilianza hivyohivyo.

Baada ya Idi nikashangaa. Namba zikaanza kupanda haraka, haraka kuliko 2018. Kipindi kile ilinichukua karibu mwaka kufika skwati 45, safari hii miezi mitatu na nusu. Nikaenda kusoma. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, walichapisha 2010 kazi yao ya panya, waliona kwamba msuli ukikua unaongeza viini vya seli ndani ya nyuzi zake, na neva ya msuli ilipokatwa msuli ulisinyaa lakini vile viini havikuondoka, vilibaki vinasubiri. Ni panya hao, na kwa binadamu wataalamu bado wanabishana, wengine wanasema sehemu kubwa ni ubongo tu unakumbuka njia. Mi nachojua ni kwamba wenye jimu wote wanalijua hili bila panya, mtu aliyewahi kujazia akirudi anajazia tena mapema, muulize baunsa yeyote.

Kocha alijaribu kuniuzia poda. Kopo moja laki na themanini, eti bila protini natwanga maji. Protini nahitaji kweli, ila nikamwambia yai moja lina kama gramu sita za protini, dagaa wakavu wa Kigoma zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini tupu, maharage yapo, kunde zipo, laki na themanini nanunua dagaa wa kulisha jengo zima. Amenuna siku mbili. Saivi ananiita dada Dagaa, na jina limeshika.

Mume wangu alipoona nimekomaa akaamua na yeye aanze, ila jimu haendi, yeye ni pushapu sebuleni. Ana hiyo ndoto toka 2015 Magufuli alipopiga pushapu jukwaani kwenye kampeni, alisema mbona mzee anaweza. Mpaka sasa amefika saba. Tatizo mtoto akimwona amelala vile anampanda mgongoni anaanza kuhesabu, na anahesabu moja, mbili, tano, kumi, kwa hiyo rasmi mume wangu anapiga mia.

Kilo nimepungua nne tu. Nasema ukweli kwa sababu naona watu wanarudi jimu wanaangalia mzani kila asubuhi wanakata tamaa wiki ya tatu. Suruali imelegea kiunoni na imebana mapajani, nimelazimika kununua nyingine, hiyo ndo taarifa niliyonayo. Mama mkubwa tumeonana kwenye arobaini ya mtoto wa dada, akaniminya tena mkono palepale, akaminya mara ya pili, akaniuliza unalima wapi?

Pumzi ndo imenisaliti. Nguvu imerudi mbio ila pumzi inakuja kwa miguu, bado nikiongea na simu napanda ngazi mtu wa upande wa pili anauliza kama nalia. Nimeongeza kutembea kutoka kituoni mpaka nyumbani, dakika 20, nashuka kituo cha Mori badala ya kufika mwisho, siku za mvua najisamehe.

Juzi usiku nikafungua daftari pande zote mbili. Mbele linaishia dedi 80, nyuma nimefika dedi 62 na nusu (kwa hizo pleti za zege, weka 65). Katikati zimebaki kama karatasi arobaini nyeupe. Zamani ningepiga hesabu lini naifikia 80, tarehe gani, ningeizungushia duara. Sijapiga. Yule aliyeandika 80 alikuwa na miaka 32, analala masaa manane, hana mtu wa kumwamsha saa tisa usiku eti anataka kuangalia kama mbalamwezi ipo. Namheshimu ila hanidai.

Maji yalikatika tena wiki iliyopita, siku mbili tu. Boza likaja, kijana wetu wa maji alikuwepo na nilimwambia achukue moja, moja niachie. Korido ya kwanza nimepita. Ya pili nimeliweka chini, kidogo, kubadilisha mkono. Nikapanda, nikafika mlangoni, ndo nakumbuka ufunguo nimeuacha chini kwa mlinzi.

Kesho miguu. Raba zipo uani zinakauka, nikitoka hapa nazianua.